Programu Iliyokuja na Jembe Lake

Nimeandika programu nyingi za kompyuta maishani mwangu, na karibu zote zilikuwa za kuwaonyesha wanafunzi namna ya kuandika programu ambazo nao wangewaonyesha wanafunzi wao. Ni moja tu iliyowahi kutumiwa na mtu mwenye shida ya kweli. Ilikuwa na mtumiaji mmoja, na huyo mmoja ni mtu ambaye desturi inanikataza hata kumpa mkono: mama mkwe wangu.

Sisi Wakamba tuna kitu kinachoitwa nthoni, ile haya ya heshima baina ya mtu na wakwe zake. Zamani mwanamume akikutana na mama mkwe njiani, mmoja wao aliingia kichakani hadi mwenzake apite. Siku hizi wengi wameiacha. Nimeona vijana wakipiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao mchana kweupe. Wangu si wa kundi hilo. Ameokoka tangu ujana wake, na anaamini wokovu uliondoa mambo mengi, lakini haukuondoa adabu. Kwa miaka ishirini na mitatu hatujala meza moja, hatujakaa tukitazamana, wala hatujaambiana jambo lolote ikiwa kuna mtu wa tatu wa kulipitisha. Na mtu wa tatu huwapo daima.

Mama huyu ndiye kiongozi wa nyimbo wa kwaya ya akina mama katika kanisa lao karibu na Matiliku. Kuongoza nyimbo kwao si kusimama mbele na kupunga mikono. Kiongozi hutangulia na mstari, kwaya inaupokea, na kabla hawajaumaliza yeye ameshaurusha unaofuata. Akiona watu wamechangamka anarudia ubeti. Akiona wamechoka anaruka beti mbili na kwenda wa mwisho. Nyimbo za kwao anazijua kwa moyo. Lakini kila mwaka kuna mkutano mkuu wa akina mama wa makanisa mengi, kila kanisa linaleta nyimbo zake mpya, na kiongozi wa kanisa mwenyeji ndiye anayetakiwa kuziongoza zote. Safari hii mwenyeji alikuwa yeye.

Na macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Hospitalini walimwambia ni presha ya macho. Wakampa dawa ya matone ya kulinda mwanga uliobaki. Uliokwisha kwenda, wakasema, haurudi. Kitabu cha nyimbo kikageuka kwake kuwa ukurasa wa sisimizi. Alimwambia mke wangu kwamba ataongoza mkutano huo, na akikwama kwa neno hata mara moja mbele ya watu, atamwachia mtu mwingine uongozi yeye mwenyewe, kabla hajaondolewa kwa huruma.

"Afadhali niache nikiwa bado nasikika vizuri," alimwambia. Mke wangu akaniambia mimi. Hivyo ndivyo haja za mama mkwe hunifikia: zimepoa kidogo njiani, lakini bado ni amri.

Nilichobuni kilikuwa rahisi. Laptopu ingewekwa juu ya stuli mbele yake, na maneno ya wimbo yangetokea kwenye skrini mstari mmoja mmoja, herufi za manjano kubwa kama viazi juu ya weusi mtupu. Kitufe kimoja cha kwenda mbele, kimoja cha kurudia ubeti, kimoja cha kuruka hadi ubeti wa mwisho. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hana subira na makuu yangu, aliuliza kama nisingeandika tu kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa. Nikamwambia nyimbo ni arobaini, na karatasi za nyimbo arobaini zingehitaji mtu wa kuzifunua na mwingine wa kuzishika upepo ukija. Akakubali, akakaa chini kuzichapa zote arobaini, huku akinikumbusha kila baada ya nyimbo tano ni nani hasa anayefanya kazi.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la ufundi. Programu ya kompyuta haifanyi kazi zake zote yenyewe. Kuchora herufi kwenye skrini, kusoma faili, kutambua kwamba kitufe kimebonyezwa: hizo ni kazi zilizoandikwa zamani na watu wengine na kuhifadhiwa katika mafaili ambayo wenye kazi hii huyaita maktaba. Programu ikiwashwa, huita maktaba inazozihitaji. Zikikosekana katika kompyuta ile, inakataa kuanza. Basi mwandishi ana njia mbili. Anaweza kuiacha programu yake iwe nyembamba, akitumaini maktaba zitakuwa zimo tayari huko inakokwenda. Au anaweza kuzifungasha zote pamoja nayo, iwe nzito kama mzigo wa mtu anayehama.

Chuoni nilifundishwa, na kwa miaka mingi nimefundisha, kwamba njia ya kwanza ndiyo ya waungwana. Kwa nini ubebe kitu ambacho kiko? Programu ya mama mkwe ilikuwa nyepesi kuliko picha moja ya arusi yetu. Niliwaonyesha wenzangu katika chuo ninachofundisha, karibu na Kwa Vonza, nikiwatajia wepesi wake kabla hawajaniuliza inafanya nini.

Kwaya ilikuwa na laptopu ya mtumba iliyokaa nyumbani kwa mama mkwe. Mtu mwenye akili angekwenda kuitazama. Lakini mkwe haendi kwa wakwe zake kuchungulia vitu vya watu. Huenda ameitwa, tena amebeba sukari. Kwa hiyo niliuliza kwa njia yetu. Nilimuuliza mke wangu ni kompyuta ya aina gani. Mke wangu akampigia katibu wa kwaya, jirani ya mama, fundi cherehani mwenye sauti ya kuita mbuzi walio ng'ambo ya mto. Katibu akamuuliza mama mkwe. Jibu likarudi kwa njia ileile: "Ni nyeusi, inafungwa kama Biblia, na inawaka."

Nilipaswa kuuliza tena. Lakini swali la pili lingekuwa sawa na kusema jibu la mama mkwe halikutosha, na sijazaliwa katika ukoo wa watu wa namna hiyo. Nikasema asante, nikaendelea kupunguza uzito wa programu.

Alhamisi ya wiki ya mkutano mke wangu alikwenda Matiliku, flashi yenye programu ikiwa mkobani. Alasiri simu ikalia.

"Mzee, imekataa."

"Imekataaje?"

"Imeandika kuna faili haiko." Akanisomea jina lake, herufi baada ya herufi.

"Hiyo iko kwa kila kompyuta," nikasema.

"Kila kompyuta ya nani?"

Nikampa maelekezo. Aliipakua faili ile kwa mtandao wa simu yake, kazi iliyochukua saa nzima kwa sababu nyumbani kwao mtandao hukamata vizuri tu ukisimama nyuma ya choo. Akaiweka. Programu ikashukuru kwa kutaja faili ya pili iliyokosekana. Ilipopatikana ya pili, ikataja ya tatu.

"Hii programu yako ni mgeni wa aina gani?" mke wangu akaniuliza. "Ukimpa kiti anataka maji. Ukimpa maji anauliza kama kuna baridi."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mama mkwe ikisema kitu kwa Kikamba, polepole. Mke wangu akanipitishia.

"Mama anauliza kama aanze kukariri."

Nyimbo arobaini, thelathini na nne kati ya hizo za makanisa mengine, na siku tatu. Angeanza, najua. Angekaa amesomewa na binti yake mchana kutwa, angeingia Jumapili na nusu yake kichwani, na angekwama.

"Mwambie asikariri."

"Basi kuja."

Ijumaa asubuhi nikaweka sukari, majani ya chai na laptopu yangu kwenye gari, nikashika njia. Nilipofika Emali nikaingia saiba moja, duka la kukodisha mtandao, karibu na stendi ya malori, nikapakua kila kitu ambacho programu yangu ingeweza kukitamani. Nikaondoka kifua mbele, nikapanda barabara ya Matiliku nikipiga mluzi.

Katibu wa kwaya ndiye aliyenipokea langoni.

"Karibu, Profesa!"

Mimi si profesa. Ni mhadhiri tu, na yeye hunipandisha cheo hicho kila anapotaka niwe juu vya kutosha ili nikianguka nisikike.

Nilikaa sebuleni, laptopu nyeusi ikiwa mezani. Mama mkwe alikuwa barazani akichambua pojo, na baina yetu kulikuwa na pazia la mlangoni. Katibu alikaa kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani na mwingine nje, kama ilivyompasa mtu wa kazi yake.

"Muulize kama itapona," sauti ya mama mkwe ikasema, hatua nne kutoka nilipokaa.

"Anauliza kama itapona," katibu akaniambia.

"Mwambie bado naiangalia."

"Anasema bado anaiangalia."

"Nimesikia. Muulize anaangalia nini."

Nilikuwa naangalia aibu yangu. Kompyuta ilikuwa nyeusi, ilifungwa kama Biblia, na iliwaka. Jibu la mama mkwe lilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosewa ni swali. Mashine yenyewe ilikuwa ya kizazi cha zamani, ya aina ambayo ndani yake kila kitu ni nusu ya upana wa mashine za leo, na maktaba zote nilizopakua Emali zilikuwa za mashine za leo. Hakuna hata moja iliyoingia. Hata programu yenyewe nilikuwa nimeijenga kwa vipimo vya kompyuta yangu, kama mtu aliyemshonea mtu mwingine suruali huku akijipima yeye.

Nikamweleza katibu, ili amweleze mama mkwe, kwamba programu haina kosa lolote ila ilitegemea kukuta vitu fulani ndani ya kompyuta, na kompyuta hii haina.

Katibu akaacha kutikisa mguu. "Ngoja, Profesa. Wewe ulituma kitu ikuje hapa kufanya kazi?"

"Ndiyo."

"Na haikukuja na vifaa vyake?"

"Ilitarajia kuvikuta."

"Kwa boma ya watu?" Akageuka akainua pazia kidogo. "Mama, umesikia? Imekuja mwethya mikono mitupu!"

Mwethya ni kazi ya pamoja. Akina mama kumi au ishirini wanakwenda shamba la mmoja wao kuchimba matuta, kesho wanakwenda la mwingine. Kila mmoja huja na jembe lake, karai lake, na maji yake ya kunywa kwenye kidumu, kwa kuwa hakuna ajuaye kama mwenye shamba ana maji hata ya kunywa mwenyewe. Hakuna anayemuuliza. Kuuliza ni kumwaibisha. Anayekuja mikono mitupu hafukuzwi. Anatungiwa wimbo, na wimbo huo unaimbwa hadi jioni.

Katibu akaanza kunitungia. Kwamba kitu cha Profesa kimetoka Kwa Vonza, kimepita Emali, kimeingia shambani kikauliza, jembe liko wapi? Kimeuliza, karai liko wapi? Na nyuma ya pazia nikasikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika miaka ishirini na mitatu. Mama mkwe wangu alicheka. Halafu, kwa kuwa hawezi kusikia mstari bila kuupokea, akaupokea.

Nilikaa pale nikiimbwa, na katikati ya aibu nikaanza kufikiri vizuri kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kanuni ile ya chuoni, ya kutobeba kilichoko, ilitungwa na watu waliokaa mahali ambapo kila kitu kiko. Walikuwa na maji ya bomba. Mimi nilizaliwa huku, nimebebeshwa kidumu tangu nikiwa na miaka sita, na bado niliweza kukaa darasani miaka minne nikisadiki kwamba mgeni mwema ni yule anayetembea mikono mitupu. Tena nikalipwa kuwasadikisha wengine.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa Emali tena, kwenye saiba ileile. Nilijenga programu upya kwa vipimo vya mashine ya zamani, maana mashine mpya huielewa lugha ya wazee, ila wazee hawaielewi lugha ya vijana. Kisha nikatafuta kila maktaba iliyohitajika, na zile ambazo hizo nazo zilizihitaji, na zilizohitajiwa na hizo, nikaziweka zote katika folda moja pamoja na programu. Nikaiagiza programu isitafute kitu chochote nje ya folda hiyo. Mchana ulipofika folda ilikuwa imenenepa kupita mara mia. Ningemwona mwanafunzi wangu na folda kama hiyo, ningemkata alama kwa furaha.

Nikamwendea dada aliyekuwa akisimamia saiba. "Nipe kompyuta yako mbaya kuliko zote."

"Mbaya ya kukaa polepole ama mbaya ya kuharibika?"

"Mbaya ambayo haina kitu ndani."

Akanionyesha iliyokuwa pembeni, imefunikwa gunia dhidi ya vumbi la malori. "Hiyo tumeitoa kila kitu. Iko na saa peke yake."

Nikachomeka flashi. Dirisha jeusi likafunguka bila swali hata moja. Nikalifunga hapohapo, kama mtu anayefunua sufuria, anaona mvuke, na kuamini chakula kimeiva.

Hakikuwa kimeiva. Nyumbani Matiliku wimbo wa kwanza ulipotokea kwenye laptopu ya kwaya, katibu alisogeza uso karibu na skrini.

"Profesa, hii ni wimbo ama ni duka la masanduku?"

Kikamba kina herufi mbili zenye kiwimbi juu, na kila mahali zilipopaswa kuwa kulikuwa na kisanduku kitupu. Nilikuwa nimefungasha majembe yote, nikasahau kufungasha fonti. Ile fonti nene niliyoichagua kwa ajili ya macho ya mama ilikuwa kwenye kompyuta yangu tu. Programu ilipoikosa iliokota nyingine iliyokuwapo, ambayo haikuwahi kusikia Kikamba tangu izaliwe. Safari hii sikwenda Emali. Nilitoa fonti kwenye laptopu yangu, nikaitia ndani ya folda pamoja na wenzake, nikaiambia programu iko hapa, usiombe kwa jirani. Visanduku vikajaa herufi.

Likabaki jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyeweza kulifanya. Kama herufi zilikuwa kubwa kiasi cha kutosha, ni macho yake tu yangejua, na kama hazikutosha, ni mikono yangu tu ingezibadili. Mwanzoni tulijaribu kupokezana: yeye anaingia, anasoma, anatoka, mimi naingia, nabadilisha, natoka kupitia jikoni. Baada ya mara ya nne mke wangu, aliyekuwa akipika, alisema kama ni mbio tunafanya, tukimbilie nje.

Ni mama mkwe aliyetoa shauri. Laptopu ilipelekwa barazani na kuwekwa juu ya stuli, naye akakaa mbele yake akiangalia shamba. Mimi nikawekewa kiti nyuma yake, upande wa mlango, na laptopu yangu magotini. Hivyo hatukutazamana. Niliona mgongo wake na leso yake, na juu ya bega lake ile skrini. Katibu alikaa katikati yetu, akipitisha maneno hatua mbili kila upande.

Mama mkwe alibonyeza kitufe. Akasoma. Akabonyeza tena, na safari hii hakusoma, aliimba.

"Mwambie aongeze kidogo."

"Ongeza kidogo."

Nikaongeza, nikapeleka flashi kwa mkono wa katibu.

"Hapo. Sasa mwambie kuna kitu kimepungua. Nikiimba huu mstari, sijui unaofuata unaanza na nini. Mtu anayeongoza lazima aone mguu unaokuja. Aniwekee unaofuata hapo chini, usiwe mkali sana, usishindane na huu."

Katibu aligeuka kunieleza, lakini nilikuwa nimeshaanza kuandika. Hakuna mwanafunzi wala mwenzangu aliyewahi kunipa agizo lililo wazi kiasi hicho. Mstari wa sasa wa manjano, unaofuata chini yake wa kijivu. Baada ya dakika kumi aliujaribu, na nikaona mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyetua kidumu. Aliimba wimbo wa kanisa la Emali ambao hakuwahi kuuongoza, akauruka ubeti wa tatu kwa makusudi ili aone kama mashine itamfuata, na ikamfuata. Akarudia wa pili. Ikarudi naye. Nilijikuta nimesimama.

"Mwambie akae," mama mkwe akasema bila kugeuka. "Bado ziko thelathini na tisa."

Tulizipitia zote. Jua lilipofika usawa wa vilima, akaomba nakala nyingine ya folda ile kwenye flashi ya akiba, akaifunga kwenye pindo la leso.

Jumapili uwanja wa kanisa ulikuwa na mahema pande mbili, akina mama upande mmoja na wageni upande wa pili. Mimi niliketi upande wa pili, miongoni mwa waume waliokuja kubeba viti. Mama mkwe alisimama mbele ya kwaya katika sare ya bluu, stuli ikiwa mbele yake, na kwa mtu asiyejua, ilionekana kama ni jambo la fahari tu, kiongozi mwenye kompyuta. Aliongoza nyimbo tano. Alirusha mistari kana kwamba ilikuwa ikichemka ndani yake. Mzee mmoja kando yangu alisema huyu mama anajua nyimbo za watu kuliko wenyewe. Nikasema nimesikia hivyo.

Katika wimbo wa sita mtu alivuta waya wa kipaza sauti, waya ukavuta stuli, na laptopu nyeusi ikaanguka kifudifudi kwenye changarawe nyekundu ya murram. Wimbo huo mama mkwe aliumalizia kwa kurudia ubeti wa kwanza mara tatu, akitabasamu. Kwaya ilidhani amependezwa. Mimi nilijua ni ubeti pekee aliokuwa nao.

Nikasimama. Ng'ambo ya uwanja mke wangu aliniona na kunionyesha kwa kiganja nikae. Kuvuka uwanja ule kungekuwa kumwendea mama mkwe mbele ya makanisa yote, tena mimi, nikiwa nakimbia. Nikakaa. Katibu alikuwa ameiokota laptopu na kuitikisa, haikuwaka. Mhubiri mgeni alikuwa akisalimu watu, na salamu zake zingekuwa na mwisho, ingawa siku hiyo niliomba zisiwe nao.

Ndipo nikamwona mama mkwe akifungua pindo la leso. Alimpa katibu kile kilichokuwa ndani, akanong'ona, na katibu akaenda moja kwa moja hadi meza ya mitambo ya kanisa jingine. Kijana wa pale alikuwa na laptopu mpya, ya fedha, nyembamba kama sahani. Sikuwa nimewahi kuiona. Sikujua ndani yake kuna nini wala hakuna nini. Sikuweza kuuliza, na hapakuwa na wa kumtuma. Niliona tu laptopu ikipita juu ya vichwa vya watu hadi kwenye stuli, katibu akiinama, akinyanyuka, akirudi kwenye safu yake bila kuniangalia.

Mhubiri alimaliza. Mama mkwe aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeomba, akabonyeza kitufe.

Akaurusha mstari wa kwanza wa wimbo wa saba.

Nimekuwapo kwenye mahafali mengi. Nimesomewa jina langu kwa vipaza sauti na nimepigiwa makofi na watu wasionijua. Hakuna siku niliyojisikia kama nilivyojisikia pale kwenye kiti cha plastiki, nikijua kwamba ndani ya mashine ya kijana yule, ambayo haikunidai ruhusa wala kuniuliza swali, kulikuwa na mzigo wangu mnene uliokamilika, na kwamba mwanamke aliyekuwa akiongoza hakuwa akiniwaza kabisa. Aliruka ubeti. Akarudia. Akaupunguza mwendo hadi kwaya ikanyamaza kumsubiri, akawaacha wakisubiri, kisha akawatupia mstari wa mwisho. Nyimbo thelathini na nne zilizobaki zilikwenda hivyo, na hakukwama kwa neno hata moja.

Jioni, viti vilipokuwa vikikusanywa, viongozi wa akina mama walikuja kumwambia kwamba mwaka ujao mkutano utakuwa kwingine, lakini wangependa yeye ndiye aje aongoze. Nilikuwa karibu, nimebeba viti vinne, nimewapa mgongo kama inavyotakiwa. Mama mkwe akamwambia katibu, kwa sauti iliyokuwa kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyesimama kando yake:

"Mwambie hizi nyimbo zimeisha. Aanze kutafuta zingine."

Nilisikia kila neno. Nikaweka viti chini, nikajipangusa mikono, nikangoja katibu aje aniambie.